Chumba cha mita 4 kwa 6: nifunge projekta gani kwa simuleta ya gofu?

Swali: "Nina chumba chenye upana wa mita 4, urefu wa mita 6 na dari ya mita 2.8. Tayari nimenunua skrini ya kupigia mpira, mita 3.2 kwa 2.4, na nitakuwa napiga nikiwa mita 3 kutoka kwenye skrini. Nimekwama kwenye projekta. Rafiki yangu ananishauri nichukue ya 4K, ile inayokaa karibu kabisa na ukuta, ili nisitie kivuli. Mtandaoni naona projekta ndogo za bei rahisi zimeandikwa lumeni 12,000, na nyingine za bei kubwa mara kumi zimeandikwa lumeni 4,000. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Halafu nina projekta ya zamani ya ofisini ambayo bado ni nzima. Je, siwezi kuitumia hiyo? Sitaki kununua mara mbili."

Jibu: Hofu ya kununua mara mbili ni ya haki kabisa. Wengi wanaofunga simuleta nyumbani, yaani mfumo wa kupiga mpira halisi kwenye skrini inayoonyesha uwanja wa gofu, huanza na lumeni (kiasi cha mwanga) na 4K (wingi wa pikseli, vinukta vinavyounda picha), wakanunua projekta nzuri, kisha wakagundua kwamba chumbani mwao haina mahali pa kukaa. Naomba tuanze na chumba. Umenipa vipimo vyote muhimu, na kwa vipimo hivyo tunaweza kuondoa projekta nyingi kwenye orodha kabla hata ya kutaja bei.

Kila projekta ina tarakimu inayoeleza inahitaji kukaa mbali kiasi gani ili itoe picha ya upana fulani. Chukua umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye skrini, gawanya kwa upana wa picha; jibu ndilo uwiano wa umbali. Kwenye karatasi ya vipimo utaiona imeandikwa 0.5:1 au 1.5:1, au kama masafa, mathalani 1.2 hadi 1.6, ikiwa lenzi ina zumu. Projekta nyingi za ofisini ziko karibu na 1.5. Kwa picha yako ya upana wa mita 3.2, hiyo ni mita 4.8 kutoka kwenye skrini, yaani mita 1.8 nyuma ya mpira wako.

Hapo ndipo kivuli kinapozaliwa. Tuseme lenzi iko mita 2.65 juu ya sakafu na ukingo wa chini wa picha uko sentimita 35 juu ya sakafu. Mwali unaoelekea kwenye ukingo huo unashuka polepole, na ukifika mahali unaposimama utakuwa na kimo cha mita 1.79 hivi. Ukiinama kupiga, unapita chini yake. Ukisimama wima kuufuata mpira kwa macho, utosi wa mtu wa mita 1.75 unakaribia kuugusa. Mikono na fimbo zikipanda, zinaukata. Na kivuli chenyewe kinaangukia sehemu ya chini ya picha, palepale penye nyasi zilizo mbele yako, unapohitaji kuona vizuri unapoviringisha mpira kuelekea shimoni. Kwa hiyo projekta yako ya ofisini itafanya kazi, ila kivuli utaishi nacho. Usiitupe lakini, nitairudia hapo chini kwa sababu ina kazi moja muhimu sana.

Projekta yenye uwiano wa 0.5 itakaa mita 1.6 tu kutoka kwenye skrini, yaani mita 1.4 mbele ya mpira. Ikiwa mbele yako, huwezi kuitilia kivuli hata ukinyoosha mikono. Watu huuliza kama mpira hautaigonga. Ili mpira uliopigwa kutoka sakafuni uifikie projekta iliyo kwenye kimo cha mita 2.5, umbali wa mita 1.4 mbele, ungelazimika kupaa kwa pembe ya nyuzi 60 hivi. Mpira wa fimbo ya kupandisha kwa kawaida hupaa kwa nyuzi 25 hadi 35. Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenye dari ya mita 2.8 ni fimbo yenyewe. Draiva, fimbo ndefu kuliko zote, ina urefu wa takribani mita 1.15, na mtu mrefu akiizungusha kwa nguvu kichwa cha fimbo kinakaribia dari. Kabla ya kutoboa tundu lolote, bandika selotepu darini pale projekta itakapokaa, mwite mchezaji mrefu kuliko wote atakayetumia chumba hicho, na mwache azungushe draiva polepole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama kuna mchezaji anayetumia mkono wa kushoto, naye ajaribu.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Projekta zinazokaa karibu kabisa na ukuta zina uwiano wa 0.25 au chini ya hapo. Amesema kweli kwamba haziwezi kupata kivuli chako. Zilibuniwa kwa ajili ya sebule, kutupa picha kwenye ukuta au skrini ngumu iliyonyooka kama kioo. Skrini yako ni kitambaa. Inapaswa kulegea kidogo ili imeze nguvu ya mpira, na kila mpira unapoigonga inatikisika. Mwanga unaokuja kwa mshazari mkali hausamehi hata kidogo. Projekta ikiwa sentimita 80 kutoka kwenye skrini, kitambaa kikijongea sentimita 2 tu, sehemu ya chini ya picha inahama karibu sentimita 6. Kwa projekta iliyo mita 1.6, kitambaa hichohicho kinaihamisha picha sentimita 3 hivi. Mistari iliyonyooka itaonekana imepinda, na mikunjo midogo ambayo usingeiona kamwe itajitokeza kama mawimbi. Tena nyingi za aina hiyo hukaa chini, juu ya kabati, ambako ndiko mipira iliyopigwa vibaya huelekea. Kwa skrini ya kupigia mpira, siipendekezi.

Jambo linalofuata ndilo linaloharibu mipango mingi, na wauzaji wengi hawalitaji kabisa. Projekta haitoi picha ambayo kitovu chake kiko sawasawa na lenzi. Ikiwa imening'inizwa darini, picha huanza chini kidogo ya lenzi kisha ikashuka. Pengo hilo kati ya lenzi na ukingo wa juu wa picha huandikwa kama asilimia ya kimo cha picha, na kwa projekta nyingi za umbali mfupi huwezi kulibadilisha. Chukua projekta yenye pengo la asilimia 15. Ukitaka ijaze skrini yako yote, kimo cha mita 2.4, pengo ni sentimita 36. Kama skrini inaanzia sentimita 15 juu ya sakafu, inaishia mita 2.55. Ongeza 36, na lenzi inatakiwa kuwa kwenye kimo cha mita 2.91. Dari yako ni mita 2.8. Lenzi ingekuwa ndani ya zege.

Muuzaji atakwambia usijali, kuna kitufe cha kunyoosha picha. Kipo, nacho kinafanya kazi, lakini elewa kinafanya nini. Unaiinua projekta kidogo ili picha ipande, picha inakuwa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kisha kompyuta ndogo iliyo ndani inazima pikseli za pembeni hadi umbo lionekane mstatili. Pikseli zilizozimwa umezilipia, na mwanga wake umepotea. Maandishi madogo yanaanza kufifia. Ukikitumia kidogo sana, kurekebisha kosa la fundi la sentimita mbili tatu, hakuna neno. Ukikifanya kuwa msingi wa mpango wako, umenunua projekta kubwa ili utumie kipande chake.

Kuna njia mbili safi za kutoka hapo. Ya kwanza ni kutafuta projekta ambayo lenzi yake inahamishika juu na chini kwa skurubu au mota, au ambayo pengo lake ni dogo, asilimia 5 au pungufu. Zenye uwiano wa karibu 0.5 na lenzi inayohamishika ni chache na bei yake iko juu, lakini zipo. Njia ya pili ni kukubali picha fupi kidogo: mita 3.2 kwa 2.0 badala ya 2.4. Kwa pengo lile lile la asilimia 15, sasa unahitaji sentimita 30 tu. Lenzi ikiwa mita 2.65, picha inaanza mita 2.35 na kuishia sentimita 35 juu ya sakafu. Inakaa bila kulazimishwa. Utabaki na ukanda mtupu wa sentimita 20 juu na mwingine kama huo chini, ambao bado unapokea mipira vizuri. Wa juu unafunikika kwa kitambaa cheusi. Mimi ningeanza na njia hii ya pili, kwa sababu unapata upana wote, na upana ndio unaomfanya mtu ajisikie yuko uwanjani.

Picha ya 3.2 kwa 2.0 ni umbo la 16:10 (upana kwa kimo), na zipo projekta nyingi zenye umbo hilo, pikseli 1920 kwa 1200. Hapa kuna mtego kwa anayeng'ang'ania kujaza skrini yote ya 4:3. Projekta ya 16:10 ikipanuliwa hadi kimo chake kiwe mita 2.4, upana wake halisi ni mita 3.84, na ni huo unaoingia kwenye hesabu ya umbali hata kama pembeni umeziacha giza. Badala ya mita 1.6, projekta ya uwiano wa 0.5 inataka mita 1.92. Pikseli moja katika kila sita haitumiki. Kwa projekta ya 16:9 unapoteza robo nzima. Nimeona michoro ya vyumba iliyokosewa kwa sababu ya jambo hili moja.

Sasa lumeni, na ile 12,000 dhidi ya 4,000. Kipimo cha heshima ni kile kinachochukuliwa kwenye picha yenyewe, sehemu 9 tofauti za skrini nyeupe, kisha wastani ukazidishwa kwa eneo. Utaona kimeandikwa lumeni za ANSI au kimetaja kiwango cha ISO 21118. Projekta ndogo ya bei rahisi inayodai 12,000 bila kutaja lolote kati ya hayo kwa kawaida inahesabu mwanga wa taa kabla haujapita kwenye kioo na lenzi, au haihesabu chochote. Kile kinachofika kwenye skrini kinaweza kuwa mamia machache. Ya 4,000 iliyopimwa kwa haki inaishinda kwa mbali. Hata hivyo usichukue 4,000 kama ahadi ya kila siku. Tarakimu hiyo hupimwa katika hali ya mwanga mkali kuliko zote, ambayo mara nyingi ina ukijani. Ukiweka rangi zinazopendeza, hesabu kwamba theluthi moja ya mwanga huo inaweza kuondoka.

Lumeni hizo zinagawanywa kwenye eneo la picha. Mita 3.2 kwa 2.0 ni mita za mraba 6.4, na lumeni 4,000 zinakupa laksi 625 juu ya skrini, yaani lumeni 625 kwa kila mita ya mraba. Ukijaza kimo chote cha 2.4 kama nilivyoeleza, zinashuka hadi laksi 434 hivi. Tarakimu hizo peke yake hazikuambii picha itapendeza vipi, kwa sababu projekta haiwezi kutoa rangi nyeusi. Nyeusi unayoiona ni skrini nyeupe isiyopigwa na mwanga wa projekta, na inakuwa nyeupe kwa kiasi cha mwanga mwingine uliomo chumbani. Tuseme taa zako zinaangusha laksi 50 kwenye skrini. Nyeupe itakuwa 675, nyeusi 50, na nyeupe inaizidi nyeusi mara 13 tu. Picha imepauka. Nunua projekta yenye mwanga maradufu, na tofauti inafika mara 26. Au baki na ile ile ya 4,000, geuza taa zisiiangalie skrini hadi mwanga unaoifikia uwe laksi 10, na tofauti inaruka hadi mara 63. Taa iliyoelekezwa vizuri imekupa zaidi ya kile ambacho projekta ya pili ingekupa.

Hii ndiyo kazi ya projekta yako ya ofisini. Iweke juu ya ngazi au meza ndefu, washa programu ya gofu, kisha ucheze na taa. Kipimio cha mpira, kile kifaa kinachosoma mwendo wa mpira unapopigwa, kikiwa kinatumia kamera mara nyingi kinahitaji mwanga wa kutosha juu ya mpira, basi weka taa moja inayomulika chini moja kwa moja pale unapopigia, yenye kikinga kinachoizuia isitazame skrini. Paka kuta na dari za karibu na skrini rangi iliyoiva isiyong'aa. Kuta nyeupe huurudisha mwanga wa picha yenyewe kwenye skrini na kuipausha. Ukishafanya hivyo ndipo utakapojua unahitaji lumeni ngapi. Kwa chumba chako, kikiwa na giza la kutosha, 3,500 hadi 4,500 za haki zinatosha. Kama kuna dirisha ambalo huwezi kulifunga, anzia 5,000.

Kuhusu chanzo cha mwanga, leza au taa ya kawaida, wengi watakuambia leza bila kufikiri. Taa ya kawaida hudumu saa 3,000 hadi 5,000 kabla mwanga haujashuka hadi nusu. Leza huandikwa saa 20,000. Lakini ukicheza saa 10 kwa wiki ni kama saa 500 kwa mwaka, kwa hiyo hata taa ya saa 4,000 ingekupeleka miaka kadhaa, na inabadilishwa. Leza ikifa, mara nyingi projekta nzima imekwenda. Kinachonifanya niipendelee leza kwa simuleta ni mengine: inawaka papo hapo na kuzimika papo hapo, na mwanga wake unapungua polepole, ilhali taa hupoteza sehemu kubwa mapema. Kama bajeti inabana, taa ya kawaida yenye pengo sahihi la lenzi ni bora kuliko leza isiyotoshea chumba.

Uliza pia mwanga wa rangi. Projekta za DLP, zinazounda picha kwa chipu moja ya vioo vidogo sana na gurudumu la rangi, mara nyingi huongeza kipande cheupe kwenye gurudumu ili lumeni zipande, na matokeo yake nyeupe inang'aa kuliko kijani na bluu. Gofu karibu yote ni kijani na bluu. Zile za LCD za paneli tatu, moja kwa kila rangi ya msingi, hazina tatizo hilo, ila vichujio vyake vya vumbi vinahitaji kusafishwa, na zulia la nyasi bandia linatoa vumbi. Baadhi ya watu huona miale ya rangi kwenye DLP wanapohamisha macho haraka, na wengine inawaumiza kichwa. Hilo huwezi kulisoma popote. Lazima uitazame kwa macho yako.

Nimeiacha 4K hadi hapa makusudi. Kwa pikseli 1920 kwenye mita 3.2, kila pikseli ina upana wa milimita 1.67. Jicho zuri, kutoka mita 3, linatofautisha vitu vya milimita 0.9 hivi. Kwa hiyo ndiyo, ukisimama na kutazama kwa makini utaona chembechembe, na 4K, yenye pikseli za milimita 0.83, inaziondoa. Faida ni ya kweli. Gharama yake ni kwamba kompyuta inatakiwa kuchora karibu mara nne ya pikseli, na kadi ya picha ya kuimudu kazi hiyo inaweza kula fedha ambazo zingekupa lenzi inayohamishika. Ningeichukua 4K ikiwa tu mahali, pengo na mwanga vimekamilika. Ucheleweshaji wa picha usikusumbue. Mpira ukishapigwa, sehemu ya hamsini ya sekunde haibadilishi chochote. Ukichukua 4K na waya ukawa mita 10, nunua HDMI ya nyuzi za mwanga, kwa sababu ya shaba kwa urefu huo mara nyingi hukatika picha.

Mambo mengine yanahitaji mtu aje chumbani. Fundi wa ujenzi aangalie dari inabeba nini na skurubu za aina gani, na projekta ifungwe darini, kamwe isifungwe kwenye fremu ya skrini, inayotikisika kwa kila mpira. Soketi ya juu iwekwe na fundi umeme. Acha nafasi ya sentimita 30 kuzunguka matundu ya feni, hata ukiijengea kikinga. Na kwa kuwa utakuwa unakwenda kwenye skrini kuokota mipira, kisha unageuka uso ukielekea lenzi iliyo karibu, wafundishe watoto na wageni wasiitazame, hasa ikiwa ya leza. Zima picha kwa rimoti kwanza.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akupe kwa maandishi tarakimu tatu za modeli unayoitaka: uwiano wa umbali, asilimia ya pengo la lenzi, na lumeni zikiwa zimetajwa kiwango kilichotumika. Akikosa hata moja, pakua mwongozo wa mtengenezaji na uitafute mwenyewe. Kisha chora ukuta wa pembeni wa chumba chako kwenye karatasi, sentimita 5 kwa kila mita, weka lenzi, skrini na wewe mwenyewe, na uvute mistari miwili kutoka kwenye lenzi hadi kwenye kingo za picha. Ukinitumia mchoro huo pamoja na tarakimu hizo tatu, nitakuangalizia.